Nani Alipe Dawa? Habari za Gharama za Hospitali Katika Nyeri



Katika mikutano yetu hapa Gatitu jambo la gharama za hospitali huzuka kila mara, na vijana hudhani kwamba ni jambo geni. Si geni hata kidogo.

Serikali ya kikoloni ilipotoza kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, kila nyumba ilitozwa kiasi kile kile, mwenyewe awe na mbuzi mia au asiwe na hata mmoja. Tangu mwaka 1925 Mabaraza ya Wenyeji nayo yakatoza ushuru wake, na sehemu ya fedha hizo ikajenga zahanati. Basi maskini alilipa sawasawa na tajiri, na wagonjwa wengi walizidi kutegemea misheni: Tumutumu kwa Waskoti, Mathari kwa Wakonsolata.

Mwaka 1965 Serikali huru iliondoa ada ya shilingi 5 waliyotozwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 1966 ikatunga sheria ya bima ya hospitali kwa wenye mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi. Kwa maoni yangu mpango huo ulikuwa na busara: mwenye mshahara ajiwekee bima, na mkulima atibiwe kwa kodi ya wote. Lakini fedha zilipopungua, ada zilirudi Desemba 1989 kwa jina la kuchangia gharama. Jina zuri, ila mjane asiye na kitu atachangia nini? Ada za zahanati na vituo vya afya ziliondolewa tena mwaka 2013.

Desemba 2018 Nyeri ilichaguliwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo kujaribu matibabu kwa wote, nasi tulichaguliwa kwa sababu ya wingi wa ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu. Jaribio hilo lilidumu mwaka mmoja tu.

Wako wanaonung'unika kwamba Katiba ya 2010 hutenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kwa sehemu zilizoachwa nyuma, na Nyeri haimo. Wazee, hapo sikubaliani nao. Hospitali za misheni zilitufikia sisi mapema, hali wenzetu wa Turkana na Marsabit bado husafiri mbali sana kumwona daktari.

Tangu Oktoba 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Zamani mwenye shilingi 100,000 na mwenye milioni walikatwa 1,700 sawasawa. Sasa wa kwanza hutoa 2,750 na wa pili 27,500. Hiyo ni haki. Taabu iko kwa asiyeajiriwa, ambaye kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na sheria yataka alipe mwaka mzima kwa mara moja, yaani 3,600. Mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu, na ugonjwa haungoji msimu.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba mkutano ukubali sanduku letu limkopeshe mwanachama wa namna hiyo malipo ya mwaka, naye alirudishe baada ya mavuno bila riba.