Ashiki na upendo wa kujitoa katika tamthilia za Kihindi

Ashiki na upendo wa kujitoa ni mapenzi ya sampuli mbili ambayo tamthilia za Kihindi za runinga hupenda kuyagonganisha. Ashiki ni moto wa macho na mwili, nayo hutaka kupata. Upendo wa kujitoa hutoa bila kuhesabu, hata pale unapoambulia patupu. Makala hii inayatazama kama yanavyofika Iguhu, kituo cha biashara cha Waidakho kando ya Mto Yala, Ikolomani, Kaunti ya Kakamega. Huko hadithi hizi huingia sebuleni kwa dekoda, zikiwa zimetiwa sauti za Kiingereza, kisha kesho yake husimuliwa upya kwa Kiswahili na Kiidakho, mara nyingi kwa utamu kuliko zilivyokuja.

Kiswahili kina bahati katika jambo hili. Neno ashiki lina asili moja na ishq ya Kihindi na Kiurdu, na mahaba yana undugu na mohabbat. Yote ni ya Kiarabu: mengine yalipanda jahazi hadi pwani yetu, mengine yakapitia Uajemi hadi Delhi. Nyimbo za tamthilia mara nyingi huachwa katika Kihindi, kwa hiyo mtazamaji aliye makini hunasa dunia, safari na kitabu katikati ya maneno asiyoyajua. Prem na bhakti, kwa upande wao, ni za Kisanskriti na hazina ndugu huku kwetu. Bhakti ni ibada ya mapenzi, mja kumpenda Mungu wake kwa moyo wote. Mkristo wa Iguhu hulijaza pengo hilo kwa neno upendo, ule wa Wakorintho wa Kwanza sura ya 13, unaovumilia na usiotafuta mambo yake. Linakaa, ila si sawasawa: upendo wa Paulo ni kwa watu wote, ilhali bhakti humng'ang'ania mmoja.

Mpaka kati ya mapenzi hayo mawili ulichorwa zamani. Krishnadasa Kaviraja, katika Chaitanya Charitamrita, anaeleza kwamba kāma, neno la Kisanskriti la tamaa, ni hamu ya mtu kujiridhisha mwenyewe, na prema, yaani prem, ni hamu ya kumridhisha mungu Krishna. Hata hivyo mapokeo hayohayo hayakuuzima moto. Gita Govinda ya Jayadeva, ya karne ya 12, inazungumzia wivu, kungoja na kukumbatiana kwa Krishna na mpenzi wake Radha bila haya. Mirabai, mwanamke wa ukoo wa kitawala wa Rajasthan katika karne ya 16, alijiona bibi harusi wa Krishna, akaimba hivyo. Kwa hao, ashiki ndiyo njia ya kufikia ibada. Runinga ndiyo iliyovitenga vitu hivi viwili, na kwa maoni ya mwandishi huyu ilifanya hivyo kwa sababu hadithi ya kila siku inahitaji adui wa kudumu.

Sita, mke wa Rama katika Ramayan, tamthilia ya Ramanand Sagar iliyoonyeshwa Doordarshan, runinga ya taifa ya India, mwaka 1987 na 1988, alikuwa kielelezo cha mke aliyeweka nadhiri kwa mumewe. Tulsi wa Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi (2000–2008), kazi ya kampuni ya Ekta Kapoor, akakihamishia kielelezo hicho jikoni na sebuleni, mbele ya mama mkwe. Nyuma yao kuna msemo wa Kihindi kwamba mume ndiye Mungu. Ibada iliyokuwa ya Krishna ikateremshwa kwa mwanamume anayechelewa kurudi nyumbani.

Mfano ulio wazi zaidi ni Kumkum Bhagya, iliyoanza Zee TV Aprili 2014. Afrika inaijua kwa jina la Twist of Fate kupitia Zee World, chaneli iliyozinduliwa barani Februari 2015. Pragya (Sriti Jha) ni mwalimu wa miwani. Abhi (Shabbir Ahluwalia) ni mwanamuziki wa roki anayemwoa si kwa kumpenda bali kwa ajili ya dada yake, Aliya. Pembeni yupo Tanu, mpenzi wa Abhi wa tangu awali, ambaye kila akimtazama Abhi anaona mali yake, na atafika hatua ya kumbambikia mimba ya mwanamume mwingine. Pragya husema machache na kuvumilia mengi. Kilele chake ni pale Abhi anapopoteza kumbukumbu baada ya ajali na kumsahau mkewe. Pragya anaambiwa kumkumbusha kutamdhuru, basi anakaa karibu naye kama mtu baki, akificha kwamba ni mkewe. Kama kuna onyesho moja la runinga linaloeleza prema bila mahubiri, ni hilo. Lakini tusidanganyane: anayeisukuma hadithi ni Tanu. Pragya angeachwa na amani yake, tamthilia ingekwisha kwa wiki mbili.

Iss Pyaar Ko Kya Naam Doon? (Star Plus, 2011–2012), iliyofika huku kwa jina la Strange Love, ni ya werevu zaidi. Jina lake la Kihindi ni swali: mapenzi haya niyaite nini? Arnav (Barun Sobti) ni tajiri asiyeamini Mungu. Khushi (Sanaya Irani) huongea na Devi Maiyya, mungu wake wa kike, kama mtu anavyoongea na mama yake wakichambua mboga. Wakikaribiana, upepo huvuma ndani ya nyumba yenye madirisha yaliyofungwa, muziki hupanda, na hakuna linalotokea. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mwongozaji anaujua ukweli huo kuliko wahusika wake. Shyam, mume wa Anjali dada yake Arnav, naye anamtaka Khushi. Arnav anawaelewa vibaya, anamlazimisha Khushi ndoa ya miezi 6. Anayelitaja penzi kila dakika ni Shyam, na kwake ni njaa tupu. Arnav anawaka lakini hataki kukiri. Khushi ana bhakti yake, na kwa kuwa ameiweka kwa Devi, hana haja ya kumfanya mume kuwa mungu. Ndiyo maana anaweza kumgombeza Arnav hadi akanyamaza.

Pwani ilianza mjadala huu mapema. Mwanahistoria Laura Fair ameandika jinsi Wazanzibari wa miaka ya 1950 na 1960 walivyozitumia filamu za Kihindi, Awara ya Raj Kapoor (1951) ikiwamo, kupima mapenzi ya kuchagua dhidi ya ndoa za kupangwa na wazee. Taarabu nayo iliazima tuni za filamu hizo.

Iguhu ina vipimo vyake. Bi harusi wa Kihindi anapoinama kumgusa baba mkwe miguu, sebule hunong'ona. Kwa desturi ya zamani ya Waluhya, ambao Waidakho ni sehemu yao, mke wa mwana na baba mkwe hawashikani hata mkono, na heshima huonyeshwa kwa kukaa mbali. Kitendo kinachotangaza unyenyekevu huko Mumbai, hapa kinaonekana kama utovu wa adabu, na mama mwenye nyumba hulazimika kuwaeleza wajukuu kwamba huko ndivyo wanavyoamkiana. Mahari pia huwachanganya watu: huku ng'ombe hutoka upande wa mume, ilhali katika tamthilia baba wa binti ndiye anayefilisika, ingawa sheria ya India ilipiga marufuku malipo hayo mwaka 1961.

Onyesho linalozua ubishi mkubwa ni la Karva Chauth. Mke hufunga tangu alfajiri, bila chakula wala maji, akimwombea mumewe maisha marefu. Mwezi ukichomoza huutazama kupitia chekeche, kisha humtazama mume kupitia chekeche hilohilo, naye humnywesha maji. Akina mama wa kanisani wanajua kufunga, hilo halihitaji ufafanuzi. Swali lao ni jingine: na yeye amefunga? Filamu Dilwale Dulhania Le Jayenge (1995) ilikwisha kulijibu, maana humo Raj naye alishinda na njaa siku nzima kimyakimya pamoja na mpenzi wake Simran.