Zelote: Wivu wa Finehasi na Juhudi ya Paulo

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ya Union Version iliyozoeleka katika makanisa ya Dodoma, inamtaja mtume mmoja kwa majina mawili. Mathayo anamwita Simoni Mkananayo. Luka anamwita Simoni Zelote. Msomaji wa Kongwa au Mvumi akikutana na jina la kwanza humdhania kuwa mtu wa Kanaani, au wa Kana ya Galilaya kwenye ile arusi. Siyo. Mkananayo limetoka katika Kiaramu, qan'ana, na Zelote ni tafsiri ya neno hilohilo kwa Kigiriki. Yote mawili yana maana ya mtu aliyeshikwa na ari kali kwa ajili ya Mungu na sheria yake. Watafsiri wa Kiswahili waliyaacha kama yalivyo, nayo yakasomeka kama kabila na jina la ukoo.

Mzizi wenyewe ni wa Kiebrania: qin'ah. Katika Hesabu 5 neno hili ni wivu wa mume anayemshuku mkewe. Sura ishirini mbele, katika Hesabu 25, ni kile kilichomjaa Finehasi, mjukuu wa Haruni, hata akatwaa mkuki, akaingia hemani na kuwachoma pamoja Zimri wa kabila la Simeoni na Kozbi, binti wa Kimidiani. Union Version imeshika neno moja katika habari hizi zote: wivu. Finehasi ana wivu, Eliya pangoni Horebu ana wivu, na Mungu wa Amri Kumi ni Mungu mwenye wivu. Wapo wahubiri wanaoona haya kulisoma, kwa sababu mtaani wivu ni jambo la kuoneana kijicho na kugombania wapenzi. Lakini waliolichagua walikuwa na sababu nzuri. Agano la Sinai lilifikiriwa kama ndoa, na ibada ya sanamu kama uzinzi. Ukiliondoa wivu, ndoa nayo inatoweka.

Kwa Wayahudi Finehasi alibaki kielelezo, tena kielelezo kizito. Mwaka 167 kabla ya Kristo, katika kijiji cha Modeini, kuhani Matathia alimuua Myahudi aliyekuwa anakwenda kutoa sadaka ya kipagani, akamuua na afisa wa mfalme, na uasi wa Wamakabayo ukaanza. Mwandishi wa kitabu cha Wamakabayo anamlinganisha na Finehasi kwa jina. Wakatoliki wa Dodoma wanakikuta kitabu hicho katika Biblia zao; Waanglikana wengi wa mkoa huohuo hawana, na kwa hiyo daraja kati ya mkuki wa Finehasi na siasa za wakati wa Yesu halipo mbele ya macho yao.

Walimu wa Kiyahudi waliokuja baadaye hawakutulia na habari hii. Talmudi ya Yerusalemu inasema Finehasi alitenda bila ridhaa ya wenye hekima. Hata katika mzunguko wa kusoma Torati kwenye sinagogi, mauaji yanasomwa juma moja, na thawabu aliyopewa Finehasi inasubiri juma linalofuata. Watu waliokwisha kuona hekalu likiungua walikuwa na sababu ya kuweka siku saba hapo katikati.

Hekalu liliungua mwaka 70, katika vita ya Wayahudi dhidi ya Warumi. Tunayemtegemea kwa habari za vita hiyo ni Josephus, Myahudi aliyeanza upande wa waasi na kuishia upande wa Warumi. Anaanza na Yuda Mgalilaya, aliyepinga sensa ya mwaka 6 akisema Israeli haina bwana ila Mungu. Lakini Wazelote kama kundi lenye jina, wenye makamanda na ngome yao ndani ya hekalu, wanaonekana katika masimulizi yake baada ya vita kuanza mwaka 66. Watu wa jambia, wale Sikarii walioua kwa siri katikati ya umati, ni kundi jingine, na ndio waliofia Masada mwaka 73 au 74. Wahubiri wengi wanawachanganya. Tena wanamwingiza Simoni humo humo, ilhali aliitwa kuwa mtume zaidi ya miaka thelathini kabla ya vita. Yawezekana kabisa kwamba Simoni alikuwa tu mtu mwenye juhudi kwa sheria. Hapo herufi kubwa ya Zelote inamsingizia uanachama usio na ushahidi.

Paulo mwenyewe alijiita zelotes. Katika Wagalatia anasema alikuwa hivyo kwa ajili ya mapokeo ya baba zake, na katika Wafilipi anataja zelos yake, yaani ari hiyo, kuwa ndiyo iliyomfanya alitese Kanisa. Hapa Union Version inaliacha wivu na kutumia juhudi, kama ilivyo pia katika Warumi 10, anapowashuhudia ndugu zake kwamba wanayo juhudi isiyo na maarifa. Habari Njema ya 1995 inachagua bidii mahali hapo. Katika Yohana 2, Yesu anapowafukuza wauza ng'ombe hekaluni, Union Version ina wivu wa nyumba ya Mungu, na Habari Njema ina upendo. Upendo unaeleweka haraka, lakini umepoa mno kwa mtu mwenye kikoto mkononi.

Kiarabu kina ghayra, neno linalobeba wivu wa mume na ari ya dini kwa pamoja, sawasawa na qin'ah. Kiswahili kimelipokea kwa sura mbili: ghera, yaani ari ya kutenda, na gere, yaani kijicho. Pwani ghera linasikika. Dodoma ni adimu. Juhudi nalo ni la mzizi mmoja na jihadi, na hilo halijawahi kumzuia mwanakwaya Mkristo kuliimba. Neno linalostahili kuhofiwa zaidi ni lile la magazetini: mwenye itikadi kali. Mwanafunzi anayefasiri Zelote hivyo anamtia Paulo kijana, Matathia na Eliya katika kapu moja na mlipua mabomu, na hapo ameshahukumu kabla ya kusoma.

Nyanda za kati zina ushahidi wao kuhusu ari hii. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika pia katika Dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers. Ndugu wa Uamsho walikuwa na msamiati wao: mtu ana moto, mtu amepoa, mtu ni vuguvugu. Wasomi wa Kigiriki kwa karne nyingi wamehusisha zelos na kitenzi zeo, kuchemka, na ndicho kitenzi ambacho Union Version inakitafsiri kwa juhudi katika Warumi 12. Tena barua kwa Laodikia katika Ufunuo 3, inayokemea uvuguvugu, inaagiza kuwa na zelos na kutubu katika pumzi moja. Hivyo ndivyo ndugu walivyoishi. Moto wao uliwageukia wao wenyewe kwanza: kuungama hadharani, kurudisha kilichoibwa, kumwendea adui na kumwomba radhi. Mkuki wa Finehasi haukuwa na kazi kwao, na wakati wa uasi wa Mau Mau nchini Kenya wengi wa ndugu zao Wakikuyu walikataa kiapo, na wengine wakakataa pia bunduki ya serikali.

Mmoja wa ndugu wa Uamsho alikuwa mwalimu Dodoma. Festo Kivengere, mtu wa Kigezi, Uganda, alifika katikati ya miaka ya 1940 kufundisha katika Shule ya Sekondari ya Alliance, iliyokuja kuitwa Mazengo na ambayo majengo yake leo ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Alikaa hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, akihubiri na kutafsiri mahubiri kwa Kiswahili. Kabla ya kuokoka alikuwa akimchukia Mzungu mmoja. Baada ya kuokoka alipanda baiskeli kumfuata na kumwomba msamaha. Baadaye akawa Askofu wa Kigezi. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Huyu alikuwa zelotes kwa kila kipimo cha Kigiriki, na neno lililomfaa kwa Kiswahili ni juhudi.