Gharama ya Msingi: Fedha za Ukarabati Hukaa Wapi?

Chukua mtu wa Marekani aliyenunua nyumba chakavu kwa dola 150,000 ili aikarabati na kuiuza. Ametumia dola 40,000 kwa paa, mabomba na rangi, na Desemba imekwisha nyumba haijapata mnunuzi. Risiti anazo, fedha zimemtoka, lakini mwaka huo haruhusiwi kuzipunguza katika mapato yanayotozwa kodi.

Kwa mujibu wa sheria ya kodi ya huko, fedha hizo zimeingia ndani ya nyumba. Jumla ya bei ya kununulia na ukarabati huo naiita “gharama ya msingi”. Wapo wanaoandika “bei ya ununuzi”, nami napinga kabisa: bei ya ununuzi haibadiliki baada ya mkataba kutiwa saini, ilhali gharama ya msingi hupanda kwa ukarabati na, nyumba ikipangishwa, hushuka kwa uchakavu. Nyumba yetu ikiuzwa Machi kwa dola 240,000, tukiacha ada za dalali na mwanasheria, faida ni 50,000, si 90,000. Anayeshika “bei ya ununuzi” atalipia kodi dola 40,000 ambazo hakuzipata.

Kuingiza gharama namna hiyo ni “kuitia kwenye mtaji”. Anayefuatilia bajeti ya Tanzania amezoea matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo, na jozi hiyo inatusogeza karibu. Ila hapa aina ya kazi peke yake haitoshi kuamua. Rangi inayopakwa katika nyumba yenye mpangaji ni matengenezo, na hupunguzwa mwaka huohuo. Rangi ileile ikiwa sehemu ya ukarabati mkubwa kabla ya kuuza, huenda kwenye mtaji. Paa zima likibadilishwa katika nyumba ya kupangisha, gharama yake kwa kawaida hugawanywa kwa miaka 27.5.

Tatizo kubwa zaidi ni neno “mwekezaji”, linalotumiwa kwa kila mtu mwenye nyumba ya kuuza. Anayenunua na kuuza nyumba kama kazi yake ni mfanyabiashara. Kwake nyumba ni bidhaa, na ukarabati ni sehemu ya gharama ya bidhaa hadi siku ya mauzo. Yeye pia husubiri, lakini faida yake ni mapato ya biashara, na kwa kawaida juu yake huja kodi ya kujiajiri, ambayo mwekezaji hatozwi.