Kalafati, si Kizuiamaji

Nimeletewa orodha ya istilahi za vyombo vya baharini, na humo nimekuta "kizuiamaji cha mhimili wa rafadha". Nimelisoma mara mbili, nikavua miwani. Kati ya wajuzi wa kamati waliokaa kikao hadi wakalizaa neno hilo, sidhani kama yupo hata mmoja aliyewahi kuinama tezini mwa mashua akatazama mahali mhimili huo, yaani shafti, unapotokea kwenda baharini.

Angeinama, angeona kwamba kifaa hicho hakizuii maji. Shafti inapozunguka hakina budi kudondosha tone baada ya tone, maana maji hayo ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Katika hori ya Kilifi nilimwona kijana akikaza nati ya kifaa hicho kwenye boti ya matanga mpaka tone la mwisho likakatika. Akatabasamu. Injini ilipokwisha kunguruma kitambo, fundi mzee akamshika mkono, akauweka juu ya bweta lililoizunguka shafti. Kijana akauchomoa upesi. "Maji umeyazuia, mwanangu," mzee akamwambia, "sasa zuia na moto." Shafti ilipotolewa ilikuwa na mfuo mwembamba unaokwaza ukucha. Ikabidi inunuliwe nyingine.

Kilichoshindiliwa ndani ya bweta ni nyuzi zilizosokotwa na kulowekwa mafuta au nta. Sasa, mwana wa pwani akiona nyuzi zenye mafuta zikishindiliwa mahali pa kupita maji, atasema nini kama si kalafati, kama ile ya kuzibia nafasi kati ya mbao za chombo? Neno hili limezunguka bahari nyingi kuliko wajumbe wote wa kamati. Waarabu wanalo, Waturuki wanalo, Wareno na Waitalia pia, na wanazuoni bado wanagombania asili yake. Mfalme Mikaeli wa Tano wa Konstantinopoli, aliyetawala miezi michache tu kati ya 1041 na 1042, alibandikwa jina la Kalaphates kwa kuwa baba yake aliwahi kuwa mkalafati. Tena Wafaransa, Wahispania na Waitalia hukiita kifaa chetu, kila mmoja kwa lugha yake, kibana-katani, na katani hiyo ni ileile wanayokalafatia merikebu. Wote hao wamekosea, kamati ndiyo imepatia?

Wapo wanaodai, na majina yao nayasitiri kwa heshima ya wazazi wao, kwamba kalafati ni ya mbao zilizotulia, si ya chuma kinachozunguka. Basi na wapande jahazi jipya, waone kama hawatapewa ndoo ya kufulia maji. Kalafati haijawahi kuapa kwamba tone halitapita.

Pendekezo langu, "kalafati ya shafti", pamoja na "bweta la kalafati" kwa nyumba yake, lilirudishwa na maelezo mafupi: "Ni neno la majahazi." Nashukuru kwa sifa hiyo, ingawa sijui istilahi za baharini walitaka zitoke shamba gani.

Kwa wenye kazi mkononi: pandisheni chombo wakati wa bamvua, chokoeni kalafati kuukuu yote, kateni pete moja moja bila kuviringa kamba nzima, maungio yapishane, kazeni kwa vidole kwanza. Injini ikizimwa, matone yakome, ikiwaka, yadondoke. Yasipodondoka, legezeni nati, hata kama orodha inasema vingine.