Tanzanite, kioo na jua la Iguguno

Ndugu zangu, nimeadimika kidogo. Nilikuwa Iguguno, Singida, kwa baba yangu mdogo. Mnaosafiri kati ya Singida na Nzega mnapafahamu: unaona alizeti dirishani, unarudi kwenye usingizi wako. Safari hii mimi nilishuka.

Baba mdogo aliniita kwa kuwa mimi ni "mtu wa magazeti". Jioni alifungua kitambaa akatoa jiwe la bluu, ukubwa wa punje ya hindi. Alilinunua Arusha zaidi ya miaka kumi iliyopita, alipokuwa akifanya vibarua vya ujenzi, kwa fedha aliyoiweka ili anunue ng'ombe wawili. Aliyemuuzia alimwambia ni Tanzanite. Na tangu mwaka 2020, aliposikia redioni kuwa mchimbaji Saniniu Laizer ameiuzia serikali mawe mawili kwa shilingi bilioni 7.74, matumaini yake yote yako kwenye kile kitambaa. Sasa binti yake amepata nafasi chuoni. "Mwanangu, nitafutie mnunuzi," akaniambia.

Kabla sijawaambia nilichomjibu, turudi nyuma kidogo.

Mawe haya yalianza kujulikana mwaka 1967 kwenye vilima vya Mererani. Nani aliyaona kwanza? Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja Manuel de Souza, fundi cherehani mwenye asili ya Goa aliyependa kutafuta madini. Mzee Jumanne Ngoma naye alidai ni yeye, na mwaka 2018 Rais Magufuli alimtambua hadharani na kumpa shilingi milioni 100. Mzee Ngoma alifariki mwaka uliofuata.

Maabara za ng'ambo ndizo zilizotamka kuwa jiwe hili ni aina ya zoisaiti, madini yaliyojulikana Ulaya tangu 1805. Lakini zoisaiti ya bluu namna hii ilikuwa ngeni kwao. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la Tanzanite. Wanasema jina la zamani lilikaribiana mno na neno la Kiingereza la kujiua. Haya, nani angemvalisha mchumba pete ya jina hilo?

Sasa siri yenyewe. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote. Ukigonga ukuta wa tofali hauvuki: sehemu inamezwa, sehemu inarudishwa, na hiyo inayorudi ndiyo rangi unayoiona. Ukiingia kwenye kioo unapinda kidogo, kisha unapita. Chembe za kioo zimekaa ovyo, kama abiria wanaogombea daladala, hivyo mwanga ukitokea upande wowote unakutana na hali ile ile. Kioo cha bluu ni cha bluu kokote utakakokigeuzia.

Tanzanite si hivyo. Chembe zake zimejipanga kwa safu, na safu hizo hazifanani katika pande tatu za jiwe. Ndani yake mna vanadiamu kidogo, inayomeza rangi fulani za mwanga kutegemea upande ulikopitia. Kwa hiyo jiwe hilo hilo moja upande huu ni bluu, upande ule zambarau, na wa tatu huwa mwekundu wa damu ya mzee au kahawia. Mawe mengi huchomwa kwenye joto la nyuzi 500 hivi ili ule ukahawia utoke, lakini bluu na zambarau hubaki zikipokezana.

Mthamini mmoja alinifundisha haya nilipokuwa naandika habari za madini. Basi asubuhi nikaweka karatasi nyeupe uani, jua la Iguguno likiwa kali, nikaligeuza jiwe. Bluu. Nikaligeuza tena. Bluu. Nikaliinua juu, nikaona vipovu viwili vya hewa vimeganda ndani.

Sikuhitaji kusema. Baba mdogo alilichukua, akaligeuza mwenyewe mara tatu, nne. Kisha akalifunga kwenye kitambaa chake. "Usimwambie mama yako mdogo," akasema. "Nitamwambia mimi."

Jamani, mwaka 2018 tulizindua ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka Mererani ili jiwe lisiibwe. Siupingi. Lakini mwizi wa baba mdogo hakuhitaji kupenya ukuta wowote. Alihitaji tu mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia ageuze jiwe juani. Tanzanite inachimbwa nchini kwetu tu duniani kote, na kipimo hiki cha kwanza kinataka jua na karatasi nyeupe, vitu ambavyo hata Iguguno vipo.

Mimi shuleni nilifundishwa mwanga kwa kuchora mistari ubaoni. Je, mwenzangu, wewe uliwahi kuishika Tanzanite darasani?