Kikuza Sauti na Kipaza Sauti: Istilahi Mbili Zilizochanganywa

Chombo kipya kiingiapo nchini huja na jina lake, na mara nyingi jina huenea kabla ya maana yake kupambanuliwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa vyombo vya muziki vya nyumbani katika ukanda wa migodi wa Shinyanga na Geita.

Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianzishwa na John Williamson mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000. Migodi hiyo iliwakusanya watu wa lugha mbalimbali, Kiswahili kikawaunganisha, na mshahara ukanunua redio na santuri.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Hata hivyo, mitaani neno kipaza sauti liliendelea kubeba mizigo mitatu: chombo anachosemea mtu, chombo kinachokuza umeme wa sauti, na chombo kinachotoa mlio. Neno spika nalo ni cheo cha kiongozi wa Bunge. Siku hizi sabufa, ambayo kwa asili ni spika ya sauti nzito tu, imekuwa jina la seti nzima.

Mkanganyiko huu una gharama. Kikuza sauti kitoacho volti 20 kwa kipaza sauti cha omu 8 hupitisha ampea 2.5, yaani wati 50. Kikiunganishwa na cha omu 4, hudaiwa ampea 5, yaani wati 100. Tena, ukinzani huo hupanda na kushuka kadiri sauti inavyobadilika. Omu zilizoandikwa ni kadirio tu. Kikuza sauti dhaifu hupata joto, vilele vya mawimbi hukatika, na muziki hukwaruza. Mnunuzi aulizaye wati za "sabufa" peke yake hajui ni chombo kipi kinachotoa nguvu na kipi kinachoidai.

Kwa hiyo yafaa maikrofoni ibaki ya msemaji. Kikuza sauti kiwe kile kinachokuza umeme. Na kipaza sauti kiwe kile kinachougeuza umeme huo kuwa mlio. Vitenzi kukuza na kupaza vilikwisha kutupatia tofauti hiyo. Kazi iliyobaki ni kuitumia dukani na kwa fundi, fedha ya mchimbaji isije ikaungua pamoja na chombo chake.