Tofaa: Neno Moja, Miti Miwili

Neno tofaa lilitujia kutoka Kiarabu, ambako tuffah ni tunda la mti upendao baridi. Katika mwambao wetu neno hilo lilipewa tunda la mti mwingine, ndugu wa mkarafuu, upendao joto. Baadaye vitabu na kamusi vikalirejesha pia kwa tunda la awali. Ndipo utata ulipozuka. Mkulima wa Majengo, Mpanda, aambiwapo na kijitabu apande mtofaa na kuupogoa, aelewe upi? Ule wa baridi kwa kawaida hustawi nyanda za juu, kama Njombe na Lushoto. Twapendekeza basi: mtofaa ubaki mti wa pwani, na mtufaha uwe ule wa baridi. Jina likipotoka, jembe nalo hupotoka.